Hesabu ya Pumzi katika Mchezo wa Masumbwi

Kila kazi ya sanaa hupimwa kwa mizani ya jambo inalodai kuonyesha. Utenzi wa vita huulizwa kama umetuonyesha vita. Mchezo wa jukwaani juu ya wivu huulizwa kama umetuonyesha wivu. Michezo ya video bado haijazoea kuulizwa swali la namna hiyo. Watu wazima wengi huilaani bila kuitazama, na vijana wengi huisifu bila kuihukumu. Laana hiyo na sifa hiyo ni ndugu wa tumbo moja, maana zote mbili huzaliwa na uvivu wa kufikiri. Nakuomba, msomaji, tuuchukue mchezo mmoja, tuuweke mezani kama tuwekavyo kitabu darasani, kisha tuulize unadai nini, unatimiza nini, na ni wapi unapotudanganya.

Mchezo wenyewe ni wa masumbwi. Unaitwa Fight Night Round 4, nao ulitolewa na kampuni ya EA Sports mwaka wa 2009. Katika masoko yetu ya Gusii, Mosocho ikiwamo, vibanda vya michezo havikosekani. Kijana hutoa shilingi chache, huketi benchini mbele ya runinga, hushika padi mikononi, na kwa dakika kadhaa huwa mtu mwingine. Wengi huchagua kandanda. Lakini wako wachaguao masumbwi, nao ndio walionifanya nishike kalamu, kwa kuwa mabishano yao baada ya masomo huwa makali kuliko mabishano juu ya kitabu cho chote nilichopata kufundisha. Hubishana lini mtu apige, lini ajikinge, lini arudi nyuma. Kwa neno moja, hubishana kuhusu pumzi.

Yafaa kwanza nieleze jinsi mchezo huu unavyokwenda, kwa ajili ya msomaji asiyepata kuucheza. Wanamasumbwi wawili husimama ulingoni, na karibu na jina la kila mmoja huonyeshwa mistari mitatu ya rangi. Mstari mmoja ni wa uzima wake, wa pili ni wa mwili wake, na wa tatu ni wa pumzi yake. Kila ngumi arushayo humpunguzia pumzi. Ngumi nzito humgharimu zaidi kuliko ngumi nyepesi, na ngumi ikosayo shabaha humgharimu zaidi kuliko ile impatayo adui. Akipigwa mbavuni na tumboni, pumzi yake huisha upesi zaidi. Mstari ukikaribia kwisha, mikono yake huwa mizito, ngumi zake hupoteza nguvu, na konde ambalo katika raundi ya kwanza lingempepesua tu sasa laweza kumwangusha chini. Akitulia kidogo bila kupiga, pumzi humrudia polepole.

Kwa hiyo mchezo umejengwa juu ya wazo moja, nalo ni wazo la kweli: pumzi ni mali, na mpiganaji ni mtu mwenye mali hiyo kwa kiasi tu. Mchezaji mgeni hutambulika mara moja. Kengele ikilia, huvifinya vitufe kama mtu atwangaye mahindi, ngumi hutoka kama mvua ya mawe, na katika raundi ya tatu huwa amefilisika. Mchezaji mzoefu hutumia kama mama mwenye nyumba mwenye debe moja la unga na wiki mbili za kungojea mavuno. Hupiga ngumi mbili akarudi. Humwacha mwenzake apige hewa. Humlenga mbavuni mapema, ingawa pigo hilo halionyeshi faida papo hapo, kwa sababu anajua kwamba ni deni litakalolipwa katika raundi ya saba. Wazee wetu walisema akiba haiozi, na sijapata kuona methali hiyo ikifundishwa kwa vijana upesi kama inavyofundishwa na mstari huu mdogo wa rangi. Hiyo ni sifa ya kwanza ya mchezo, nami siioni kuwa ndogo.

Lakini kazi ya sanaa haitoshi kuwa na wazo la kweli. Huulizwa pia kama wazo hilo limeonyeshwa kwa ukweli. Bahati yetu ni kwamba tunayo njia nzuri ya kuupima mchezo huu, kwani miongoni mwa wanamasumbwi wake wamo Muhammad Ali na George Foreman. Vijana wawili wa Mosocho waweza jioni moja kulirudia pambano lililopiganwa Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule na iitwayo leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Katika historia yote ya masumbwi ni vigumu kupata pambano lililoamuliwa waziwazi zaidi na hesabu ya pumzi. Basi tulitazame pambano lenyewe kwanza, halafu tuutazame mfano wake.

Foreman alikuwa na umri wa miaka 25, naye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda mara zote 40, na katika mapambano 37 mpinzani wake hakufika mwisho. Mwezi wa Januari 1973, huko Kingston katika kisiwa cha Jamaika, alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Ken Norton naye hakupita raundi ya pili mwezi wa Machi 1974. Ali alikuwa na umri wa miaka 32, na Frazier na Norton wote wawili walikuwa wamepata kumshinda. Hesabu ya kawaida ilisema mambo yatakwisha mapema, na wako waliohofia maisha ya Ali.

Hata hivyo ndani ya sifa za Foreman ulikuwamo udhaifu ambao sifa hizo zenyewe ziliuficha. Mtu azoeaye kumaliza mapambano yake mapema hana mazoea mengi ya raundi ya nane. Nguvu zake zilikuwa kama mafuriko, na mafuriko hayajui kujiwekea akiba. Pambano la Kinshasa lilipangwa kuwa la raundi 15, katika joto na unyevu wa bonde la mto Kongo. Swali halikuwa ni nani mwenye ngumi nzito zaidi, kwa kuwa jibu lake lilijulikana na wote. Swali lilikuwa ngumi hizo zingedumu kwa muda gani, na nani angekuwa bado amesimama siku ya kulipa deni.

Katika raundi ya kwanza Ali alishambulia, akimpiga Foreman kwa mkono wa kulia moja kwa moja. Kuanzia raundi ya pili alifanya jambo lililowashangaza hata watu wa pembe yake: aliegemea kamba za ulingo, akauficha uso nyuma ya mikono yake, akamwachia Foreman apige. Foreman akapiga. Alipiga mikono, mabega na mbavu. Kila Ali alipobanwa alijinyoosha nyuma juu ya kamba, na ngumi nyingi zikaishia katika mikono yake au katika hewa. Mara kwa mara aliinuka na kurusha ngumi chache za haraka usoni, kisha akarudi kambani. Walipokumbatiana alimlalia Foreman shingoni kwa uzito wake, na muda wote huo alimsemesha, akimdhihaki kwamba ngumi zake hazina kitu. Kufika raundi ya tano Foreman alikuwa akivuta miguu. Katika raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache kengele ilie, Ali alitoka kambani, akampiga ngumi za mfululizo, na bingwa akaanguka. Mbio za sakafuni zilikuwa zimefika ukingoni.

Sasa turudi kibandani. Je, mchezaji mwerevu aweza kumshinda Foreman wa mashine kwa mbinu hiyo? Kwa sehemu, aweza. Akijikinga vizuri na kuziepa ngumi, mstari wa pumzi wa Foreman hushuka, na ngumi zake huanza kupungua uzito. Mbavu zake zikipigwa kwa subira, hushuka upesi zaidi. Ukiwa na moyo wa kungoja, huja wakati ambapo jitu hilo linasimama mbele yako bila pumzi, nawe unayo ya kutosha. Watengenezaji wamelielewa umbo la nje la pambano la Kinshasa. Wamejua kwamba ngumi ya adui ni matumizi ya mali ya adui, na kwamba kuzuia ni namna moja ya kupigana. Waandishi wengi wa habari za michezo hawajalieleza jambo hilo vizuri kiasi hicho.

Lakini hapa ndipo ninapoanza kuulaumu mchezo huu, na lawama yangu ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Ule mstari wa pumzi unaonekana.

Fikiri, msomaji, Ali alikuwa akifanya nini pale kambani. Hakuwa na mstari wo wote wa kutazama. Alilazimika kuisoma pumzi ya Foreman katika ishara ndogo: mdomo uliofunguka, ngumi iliyorudi ikiwa imechelewa kidogo kuliko ile iliyotangulia, uzito wa mwili walipokumbatiana. Tena alilazimika kufanya hivyo huku naye anaumia, na huku akiificha pumzi yake mwenyewe isisomwe. Maneno yake ya dhihaka yalikuwa na kazi hiyo pia. Mtu anayezungumza hudhaniwa kuwa ana pumzi ya kuchezea. Ushujaa wa mbinu ile haukuwa katika kuijua kanuni kwamba mtu apigaye sana huchoka. Kanuni hiyo aijua kila mtoto aliyepanda kilima cha Gusii akikimbia. Ushujaa ulikuwa katika kuiamini kanuni hiyo gizani, raundi baada ya raundi, bila uthibitisho, na mtu mwenye nguvu kuliko watu wote akiwa anakupiga. Ukimwekea Ali mstari wa rangi unaomwambia kwamba Foreman amebakiwa na robo ya pumzi, umemwondolea shaka. Na ukimwondolea shaka, umemwondolea ushujaa. Kinachobaki ni hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Usidhani kwamba natamani jambo lisilowezekana. Toleo lililotangulia, Fight Night Round 3 la mwaka wa 2006, lilipotengenezwa kwa mashine mpya za wakati huo, lilithubutu kuiondoa mistari hiyo yote. Mchezaji aliyeanza pambano hakuonyeshwa kipimo cho chote. Ilimpasa atazame mwili: mikono inashuka kutoka kidevuni, miguu haina tena wepesi, ngumi zinatoka polepole, uso umevimba. Ulikuwa uamuzi wa kisanaa wa hali ya juu. Ulimfanya mchezaji amtazame mwanadamu badala ya kutazama kipimo. Miaka mitatu baadaye mistari ikarudishwa. Bila shaka wako wachezaji waliolalamika kwamba hawajui hali yao, na watengenezaji wa bidhaa ni lazima wawasikilize wanunuzi. Lakini kutojua hali yako kwa hakika ndiyo hali ya kila mpiganaji tangu dunia iumbwe, na kumwondolea mchezaji usumbufu huo ni kama kuandika hadithi ya upelelezi na kulichapa jina la mwizi juu ya jalada. Kwa upande huu, toleo la zamani ni bora kuliko jipya, japo jipya lina picha nzuri zaidi.

Lawama yangu ya pili inahusu mapumziko ya kati ya raundi. Katika toleo hili la 2009, mchezaji aliyepigana vizuri hupewa alama, na wakati wa mapumziko huzitumia alama hizo kununua pumzi, uzima na dawa ya majeraha. Kama malipo ya kazi nzuri, mpango huu una mvuto. Kama picha ya masumbwi, ni kinyume cha mambo. Ulingoni, mtu aliyepiga ngumi nyingi zaidi katika raundi aghalabu ndiye aliyetumia pumzi nyingi zaidi, na dakika moja ya kigodani haimrudishii zaidi kwa sababu majaji wamempenda. Foreman alirusha ngumi nyingi Kinshasa, na kila alipoketi alikuwa maskini zaidi kuliko alipoinuka. Mchezo unaomlipa mtu pumzi kwa kuitumia umesahau fundisho lake wenyewe. Ni kama shamba linalopata rutuba kwa kulimwa kila msimu bila kupumzishwa. Mkulima wa Gusii, ambaye kipande chake cha ardhi ni kidogo na hukilima mara mbili kwa mwaka, angeucheka mpango huo.

Lawama ya tatu ni juu ya hasira. Foreman wa mashine hachokozeki. Hupiga kwa kadiri alivyoamriwa na waliomtengeneza, na dhihaka haimfikii. Lakini Foreman wa Kinshasa hakumalizwa na hewa ya Kongo peke yake. Alimalizwa pia na moyo wake, uliokataa kuamini kwamba ngumi zilizowaangusha wote hazikumwangusha huyu, na kwa hiyo ukamtuma azidi kupiga. Mtu mwenye hasira hutumia pumzi kama mlevi atumiavyo mshahara. Hapa lakini mchezo una wokovu ambao watengenezaji huenda hawakuukusudia. Waweke vijana wawili benchini, bega kwa bega, kila mmoja na padi yake, na jambo lililokosekana ndani ya mashine huingia kutoka nje. Mmoja hucheka, mwingine hukasirika. Aliyekasirika huanza kutwanga vitufe. Mstari wake humwagika kama maji katika mtungi uliotoboka. Pumzi imo katika kioo, lakini hasira imo kibandani. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba mchezo huu ukichezwa na mtu mmoja dhidi ya mashine ni kazi ya wastani, na ukichezwa na watu wawili wanaojuana ni kazi nzuri.

Msomaji aweza kuuliza kama jambo hili la pumzi isiyoonekana ni la wanamasumbwi wa ng'ambo tu. Si hivyo. Watu wa Gusii walilijua kabla ya Kinshasa, kwa njia ya miguu. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, Naftali Temu, mwana wa Gusii, alishinda mbio za mita 10,000, ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Kenya. Mji ule umekaa mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mizunguko ni 25, na hakuna mkimbiaji aliyekuwa na mstari wa rangi kando ya jina lake. Kipchoge Keino, aliyekuwa mgonjwa tumboni, aliiacha mbio kabla ya mwisho. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka akiwa hajitambui. Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia walibaki wakishindana hadi mwisho kabisa, na Temu alishinda kwa dakika 29 na sekunde 27.4, akimtangulia Wolde kwa sekunde 0.6. Katika mita za mwisho kila mmoja wao alilazimika kukisia ni kiasi gani kimebaki kifuani mwake na kifuani mwa mwenzake, kisha kuitumia akiba yote kwa kukisia huko. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mchezo wetu wa video umejaribu kuifundisha, na ambayo mstari wa rangi umeiharibu.

Katika michezo hiyo hiyo ya 1968, Mkenya mwingine, Philip Waruinge, alipata medali ya shaba katika masumbwi, na juu ya hiyo akapewa kombe la Val Barker, ambalo lilitolewa kwa mwanamasumbwi aliyeonyesha ufundi bora katika Olimpiki. Kwamba mtu wa medali ya shaba alipewa heshima ya ufundi kuliko watu wote wa dhahabu ni jambo la kukumbukwa na kila mchezaji anayedhani kwamba masumbwi ni kuangusha tu.

Nimeiacha mwisho lawama iliyo nzito zaidi, nayo si ya ufundi. Mwaka wa 1988, huko Seoul, Robert Wangila wa Kenya alishinda medali ya dhahabu ya masumbwi kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili. Mpaka leo Kenya haijapata dhahabu nyingine ya Olimpiki katika masumbwi. Baadaye alikwenda Marekani kupigana kwa malipo. Mwezi wa Julai 1994, katika mji wa Las Vegas, alipigana na David Gonzales, na mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Muda mfupi baadaye Wangila alizimia, na tarehe 24 Julai alifariki kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Silisemi jambo hili ili kuwatisha vijana, wala ili kuudai mchezo wa video uonyeshe kifo. Nalisema kwa sababu linatuonyesha mpaka wa sitiari yetu. Tumesema pumzi ni mali. Ni kweli, lakini mali ikiisha mtu hufilisika, na aliyefilisika aweza kuanza tena. Kibandani, mstari ukiisha unafinya kitufe na pambano huanza upya, mistari yote mitatu ikiwa imejaa. Mwili wa mwanadamu una akiba nyingine iliyo chini ya pumzi, ambayo haionyeshwi na mstari wo wote, na mwenye mwili mwenyewe haijui imebaki kiasi gani. Ndiyo maana ulingoni yumo mtu wa tatu asiyepiga wala kupigwa. Mchezo wetu unaye mwamuzi, lakini umempa kazi ndogo, na mchezaji huzoea kumwona kama pambo, au kama kizuizi cha ushindi wake. Kijana aliyelelewa na mchezo huu peke yake aweza kuamini kwamba shujaa ni yule anayeendelea kila mara, na kwamba anayesimamishwa ameonewa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Masumbwi ya kweli yameiweka methali hiyo katika kanuni zake: pembe ya mpiganaji hurusha taulo, daktari hupanda ulingoni, mwamuzi hupunga mikono. Hayo nayo ni sehemu ya mbinu, na pengine ndiyo sehemu yenye hekima kuliko zote, maana humlinda mtu dhidi ya ushujaa wake mwenyewe.

Basi hukumu yangu ni ipi? Fight Night Round 4 si upuuzi, na mzazi anayedhani kwamba mwanawe anajifunza kupiga watu tu amekosea. Ndani yake limo fundisho la kiasi na subira ambalo vitabu vingi vya maadili hulisema kwa maneno mengi zaidi na kwa mafanikio machache zaidi. Lakini umelitoa fundisho hilo kwa bei rahisi mno. Umeionyesha pumzi wazi ilhali tabia yake ni kujificha. Umeiuza kwa alama ilhali hainunuliki. Na umeirudisha bure ilhali mara nyingine hairudi.

Dawa ya kosa la kwanza iko mikononi mwako, msomaji, ukiwa mchezaji. Chukua kipande cha karatasi, ukate vipande viwili vyembamba, uvibandike juu ya kioo mahali mistari ya pumzi inapoonekana, yako na ya mwenzako. Kisha mchague mmoja awe Ali na mwingine awe Foreman, mkae bega kwa bega, mpige raundi nane. Mtatazama mabega na miguu badala ya rangi. Mtakisia, mtakosea, mtaumizwa na makosa yenu, na yule atakayeshinda atakuwa ameshinda kwa kumsoma mwenzake. Na ikitokea mmoja wenu akaona kwamba hana tena la kufanya, mwacheni aiweke padi chini bila kuchekwa, kwa sababu ameijua hesabu yake vizuri kuliko mashine.